Kuhusu Santuri ya Casals

Mpwa wangu mpenzi,

Mamako kaniambia umeacha fidla na kushika chelo, na kwamba mwalimu ameshakuanzisha Bach. Nimefurahi mno. Juzi nilikuwa nikipangusa santuri zangu, na nyuma ya safu ya Umm Kulthum ikatoka moja niliyokuwa nimeisahau miaka mingi: Pablo Casals akipiga tungo sita za Bach za chelo pekee.

Inakwaruza, usiidharau kwa hilo. Casals alirekodi tungo hizo London na Paris kati ya 1936 na 1939, enzi ambazo upande mmoja wa santuri ulichukua dakika nne hivi tu. Yangu ni nakala ya baadaye.

Bach alizitunga karibu na 1720. Hati aliyoiandika kwa mkono wake ilipotea. Tunazo kwa kuwa wengine, akiwemo mkewe, Anna Magdalena, walizinakili. Kisha kwa muda mrefu wengi wakaziona mazoezi ya vidole tu. Mwaka 1890 Casals, kijana wa miaka 13, alikuwa na babake katika duka la karatasi za muziki Barcelona, akaziokota humo. Alizifanyia kazi miaka kama 12 ndipo akathubutu kuzipiga mbele ya watu.

Siku utakapoisikiliza santuri hii, anza na utungo wa pili. Sauti tatu zinapanda, anatua, anapanda tena. Chelo ni moja, lakini sikio linasikia watu wawili: mmoja chini, mzito, na mwingine juu anayemjibu. Kwenye taarabu yetu chelo hukaa pamoja na fidla, udi na ganuni, wote kwenye wimbo mmoja. Ukiteleza, wenzako wanakusitiri. Hapa hakuna wa kukusitiri, na kila unaponyamaza kunasikika.

Siku hiyo sikiliza na mkono wa upinde wa Casals. Enzi zake wanafunzi walifundishwa kubana kiwiko ubavuni, hata kwa kushikilia kitabu kwapani. Casals alikataa, akauachia mkono. Ndiyo maana sauti yake inapumua, na kwangu mimi inawapita wengi wa leo wanaopiga safi kuliko yeye.

Utungo huo aliurekodi Novemba 1936, vita vya Uhispania vikiwa na miezi minne tu. Jenerali Franco aliposhinda vita hivyo, Casals hakurudi tena kuishi kwao Uhispania. Bach hakujua lolote la vita hivyo, lakini mimi siwezi kuusikiliza nikalisahau hilo.

Najua utaweza kuipata rekodi hiyo kwenye simu. Nakuomba usiitafute kwanza. Skuli zikifungwa njoo Unguja, na chelo uje nayo. Nataka unipigie utangulizi wa utungo huo kwa namna yako, kabla hujamsikia yeye.

Akupendaye,
Mjomba wako