Kutoka Mwezini

Wete, Pemba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na habari ya usingizi pia. Unaamka usiku wa manane umerowa jasho, moyo unakwenda mbio, asubuhi unawafokea watoto kwa jambo dogo. Jirani ameshakwambia ni jini. Kusomewa ni kheri, sikukatazi. Lakini una miaka 48, na mwezi unakuruka mara mbili tatu kisha unakuja kwa kishindo. Jini hilo kila mwanamke anayeruzukiwa umri hukutana nalo.

Somo, kungwi wetu, alitufunza kuingia mwezini: usafi, josho, na kunyamaza. Kutoka hakutufunza mtu, ndiyo maana nakuandikia.

Vifuko vya mayai vikianza kuchoka, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, mwisho ikapungua kabisa. Jasho lako linatokana na hapo. Hedhi huhesabiwa imekoma ukipita mwaka mzima bila damu, na wengi hufikia baina ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mimba huweza kuingia, usijiachie.

Shika hili kuliko yote: damu ikirudi baada ya huo mwaka, hata doa, si ujana uliorudi. Nenda hospitali. Mara nyingi ni ukavu wa ukeni tu, lakini huweza kuwa saratani ya mji wa mimba, au ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Ikiwahiwa hutibika. Wenzetu huificha damu hiyo kwa haya, wakabaki kuulizana wasali au wasisali. La sala muulize sheikhe, la damu muone daktari, na moja lisingoje jengine. Wewe uko Mkoani. Hospitali ya Abdalla Mzee iko mlangoni pako, huna udhuru wa nauli.

Ukifika, muombe daktari akupime presha na sukari, na damu ya tezi ya shingo. Tezi hiyo ikizidi kasi huleta jasho na moyo mbio kama haya haya yako. Ikilegea, uchovu na unene. Rovu kwetu si jambo geni, kwani chumvi nyingi ya hapa ilikuwa ikiuzwa bila kutiwa madini joto. Dawa za kurudisha homoni zipo na huwasaidia wengi, ila aliyeugua saratani ya titi au kuganda damu hazimfai. Usinunue kwa kusikia.

Bibi zetu walipinda migongo tukadhani ni magunia ya karafuu. Huenda. Lakini estrojeni ikiondoka mifupa hupungua upesi, hasa miaka ya mwanzo. Kula dagaa na miba yake, tembea, na uani kwako, pasipo wageni, vua mtandio jua likupate mikononi.

Na la chumbani, ambalo hukulitaja ila nimelisikia katika sauti yako. Ukavu na maumivu si kwamba humpendi mumeo. Mwambie kwa maneno, asije akafasiri mwenyewe. Yapo mafuta ya kulainisha, na ipo krimu ya homoni ya kupaka pale pale. Daktari wa kike atakueleza. Wasikudanganye kujitia majani wala shabu, itakuchubua na kukukausha zaidi. Kama umeshainunua, safishia maji ya kisima.

Shangazi yako