Ile ekstensheni si yangu yote

Wasee, wacha nikiri. Ile ekstensheni ya brauza niliyowaonyesha kwa video nikisema "nimejenga mwenyewe, hapa hapa Rangwe", moyo wake niliukuta umeshajengwa.

Kazi yake mnaijua. Unafungua habari, inaondoa matangazo na makorokoro, unabaki na maandishi safi ya kuprinti. Sasa hiyo akili ya kujua habari inaanzia wapi na tangazo linaishia wapi si yangu. Ni ya Readability, programu huria ambayo Mozilla wanaitumia ndani ya Firefox. Juu ya faili yake kuna jina Arc90 na mwaka 2010. Mimi niliandika vitufe, rangi na logo. (Logo ni kali, hiyo simpi mtu.)

Jina lao sikulifuta kwa mkono. Nilipitisha kodi, si ile ya KRA, kwenye kifaa cha kuibana iwe nyepesi, na hicho hutupa maelezo yote waliyoandika waundaji. Ningeweza kukiambia kibakishe mistari ya leseni. Nilijua, nikanyamaza.

Halafu binamu yangu wa Form Four akachungulia faili kwa laptop yangu.

"Bro, huyu Arc90 ni nani? Mbona hukumtaja kwa video?"

Nikaanza kueleza mambo ya leseni. Akanikata: "Si ni wewe ulilia wiki nzima wakati walipost video yako ya soko wakakata jina?"

Nilienda nje kuangalia kuku.

Usiku nikasoma leseni yenyewe, Apache 2.0, kwa mara ya kwanza. Inakubali utumie, ubadilishe, hata uuze. Inachodai ni kidogo mno: ukimpa mtu kazi hiyo, umpe na nakala ya leseni, ukibadilisha faili, sema umebadilisha, alama za hakimiliki kwenye kodi usiziguse. Ile ya MIT ni fupi zaidi, lakini nayo inataka tangazo la mwenyewe liende na kila nakala. Na hata hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa na kitabu. Bure haimaanishi haina mwenyewe.

Nikaongeza ukurasa wa Shukrani, nikarudisha leseni, nikarekodi video upya. Video ya pili haijafika hata nusu ya views za kwanza, lakini tuliache hilo.

Kilichouma ni jamaa wa cyber. Alikuwa ameahidi elfu tatu niiweke kwa mashine zake zote, maana wanafunzi wanaprinti sana hapo. Akaona ukurasa wa Shukrani, akacheka.

"Kumbe ni ya wazungu? Basi nikupe elfu moja."

Nikamwambia chukua Readability bure, ujiwekee. Akaiangalia kama dakika kumi hivi, akakuna kichwa.

Tulikubaliana elfu mbili.