Mvumo wa Karasha

Nilipoanza kutunga muziki sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kompyuta kuukuu niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama machimbo, na programu ya FL Studio, iliyoundwa Ubelgiji, ambayo nilijifunza kwa kubonyeza kila kitufe mpaka nifahamu kazi yake. Shauku yangu yote ilikuwa kuzifuatisha biti za singeli, zenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Hapa kwenye machimbo ya Mwakitolyo, ambapo kijana hushinda ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, akivunja mwamba na kutoka jua likichwa, muziki wa kasi haukosi wateja, na biti zangu zilipigwa harusini na katika saluni za kunyolea. Nazikumbuka kwa heshima, maana ndizo zilizonifunza hesabu ya mapigo. Ila nafsini mwangu nilijua kuwa kasi ile ilizaliwa jijini, Tandale na Manzese, wala si huku kwetu.

Kilichonigeuza ni kosa nililomtendea mama yangu mkubwa. Nilimwomba aniimbie wimbo wa kulimia, wa bugobogobo, ngoma ambayo Wasukuma huicheza na majembe mikononi, naye akaimba ameketi kizingitini, mimi nimeshika simu mbele yake. Nyuma ya ua, karasha la jirani lilikuwa likisaga mawe kwa injini ya dizeli. Usiku ule sikulala. Niliukata mvumo wa injini, nikaukata tena, hata sauti ya mama mkubwa ikabaki nyembamba kama inayotoka ndani ya kopo. Asubuhi nilipomsikilizisha, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, umeniondolea mwenzangu. Nilikuwa naimba na ile mashine." Niliirudia rekodi ya awali, na kwa hakika kila pumzi yake ilikuwa imeshuka juu ya pigo la injini.

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda karashani alfajiri. Karasha ni pipa la chuma lenye gololi nzito ndani yake; mawe yakiwa mapya hulia kwa kishindo kikavu, na kadiri yanavyogeuka unga ndivyo kishindo kinavyofifia na kuwa mvumo mzito, laini, usio na mwanzo wala mwisho. Mzee aliyekuwa akiliendesha hakutazama saa. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akazima. Ilmu ile ya masikio, ambayo yeye aliiona ni kazi tu, kwangu ilikuwa darasa kubwa kuliko yote. Nikaanza kuchukua sekunde 4 za mvumo na kuzirefusha katika kompyuta mpaka zikawa dakika 10, pasipo ngoma wala kinanda, nikiongeza mwangwi kidogo kidogo.

Baadaye nilisoma habari za Halim El-Dabh, Mmisri ambaye mwaka 1944, mjini Kairo, alirekodi kwa mashine ya waya uimbaji wa wanawake katika ngoma ya kupunga pepo iitwayo zaar, kisha akaigeuza rekodi ile kwa mwangwi wa studio ya redio, miaka 4 kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kutangaza kazi zake za namna hiyo mjini Paris. Nilifarijika mno. Aghalabu vijana huambiwa kuwa muziki huu wa kugeuza sauti zilizorekodiwa ni wa Wazungu, ilhali katika watangulizi wake yumo Mwafrika aliyeanza na sauti za watu wa kwao.

Kisha umeme ukafika, na injini za dizeli zikaanza kutoa nafasi kwa mota. Pigo likatoweka, ukabaki mvumo ulionyooka, kwani umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na sauti yake huangukia karibu na noti ya G. Tungo zangu zote za wakati huo zimekaa juu ya G, nami sikuichagua. Dizeli ya jirani imebaki katika rekodi ya mama mkubwa peke yake, ile ambayo nusura niifute.

Mwaka jana nilimpelekea yule mzee kipande cha dakika 20. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akainamisha kichwa vile vile. Kilipokwisha alizivua taratibu.

"Umezima mapema, mwanangu," akasema. "Mawe yalikuwa bado."

Nikarudi nyumbani nikakiongezea dakika 9.