Mzee Aliyevaa Kaptura



Kazi yangu ni ukarani wa parokia, huku milimani Uluguru. Mzazi akileta mtoto kubatizwa, au vijana wakitaka kufunga ndoa, mimi ndiye nifunguaye kitabu na kuandika. Katika kazi hiyo nimegundua kwamba wasiojua kusoma wana maneno yao. Ukimpa mtu kitabu atie sahihi, atakuambia, “Karani, miwani nimeiacha nyumbani.” Mwingine atasema, “Leo mkono unaniuma.” Nami kwa miaka mingi nilikuwa nikicheka moyoni, kisha namsogezea wino atie dole gumba.

Sasa sicheki tena. Nitawaeleza kwa nini.

Mwaka jana mgeni mmoja alitujia na mashine ya sinema. Tulitundika shuka jeupe katika ukumbi wa parokia, na watu wakaja hata kutoka vigango vya mbali. Sinema yenyewe iliitwa The First Grader, yaani mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ilitengenezwa Kenya na kutolewa mwaka 2010. Kwa kuwa maneno yake mengi ni ya Kiingereza, Padre aliniagiza nisimame kando nieleze kwa Kiswahili. Basi nikawa natazama sinema kwa jicho moja, na kwa jicho la pili nawatazama watu.

Kisa chake ni cha kweli. Palikuwa na mzee mmoja Mkikuyu, Kimani Ng’ang’a Maruge. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, lakini kwa hesabu yake alizaliwa mwaka 1920 hivi. Ujanani alipigana katika vita vya Mau Mau. Shule hakuiona. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi, na mwezi wa Januari 2004 mzee huyo, mwenye miaka 84, akaenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, karibu na Eldoret, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Wajukuu zake wawili walikuwa katika shule hiyo hiyo, nao walikuwa madarasa ya mbele yake!

Katika sinema tunamwona akirudishwa langoni. Anaambiwa hana sare ya shule. Basi anakwenda zake, anakata suruali yake iwe kaptura, anavaa na soksi ndefu, anarudi na mkongojo wake. Hapo ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Lakini nyuma kabisa, karibu na mlango, niliona mtu mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa mjomba wangu.

Hapa yanipasa nieleze kidogo. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa katika maisha ya mtoto. Mjomba wangu huyu ndiye aliyenisomesha. Njegere na kabichi alizolima katika matuta ya Mgeta, akazishusha kwa kichwa mpaka barabarani, ndizo zilizonilipia ada mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Magunia yake alikuwa akiyahesabu kwa kukata alama katika fimbo.

Sinema ilipokwisha watu walitawanyika. Mjomba alibaki ameketi. Nikamwendea, nikamwamkia. Hakuniita mpwa wangu kama kawaida yake.

“Karani,” alisema, “yule mzee, watoto walimcheka?”

“Walimcheka, Mjomba.”

“Na kesho yake akarudi?”

“Akarudi.”

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mimi sikurudi.”

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikupata kulisikia. Wasomaji wazee mtakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali, chini ya miembe, makanisani, hata katika nyua za watu. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili katika nchi yetu hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 ilihesabiwa kwamba amebaki kama mmoja tu katika kila 10. Mjomba naye alikwenda, akiwa kijana wa miaka kama 20. Jioni ya pili aliitwa ubaoni, akasoma “da” mahali pa “ba”. Wasichana wa kijiji walicheka. Alitoka, asirudi tena. Vicheko vya dakika moja vilimfungia mlango karibu miaka 50.

Lakini hayakuishia hapo. “Nawe,” aliniambia, “ulipokuja likizo kutoka chuoni, nilikuomba unifundishe. Ulicheka, ukaniuliza, ‘Mjomba, usome sasa ili uajiriwe wapi?’”

Wasomaji wangu, mimi neno hilo nilikwisha kulisahau. Yeye hakulisahau. Chuoni nilikuwa nafundishwa namna ya kumfundisha mtoto wa mtu, na nyumbani nikamcheka aliyenipeleka chuoni. Usiku ule nilimwomba radhi. Hakunijibu maneno mengi. Alisema tu, “Jumatatu nitakuwa na nafasi.”

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya Mzee Maruge, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kinachomzuia mtu mzima kujifunza si uzito wa kichwa. Twapenda kusema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Methali hiyo ni njema kwa malezi, lakini tusiifanye kufuli la mlango wa shule. Mtoto akikosea husahihishwa. Mtu mzima akikosea huchekwa. Mtoto hana cheo cha kupoteza, lakini baba wa watu ana heshima yake, naye huogopa kuimwaga mbele ya wadogo. Ushujaa wa Maruge vitani wengine walikuwa nao. Ushujaa wake mkubwa ni ule wa kukubali kuonekana hajui.

Pili, mtu mzima hujifunza lile analolihitaji. Maruge alitaka kujisomea Biblia kwa macho yake mwenyewe. Katika sinema ana pia barua ya Serikali ambayo hawezi kuisoma, na hataki kusomewa na mwingine. Nami na Mjomba hatukuanza na a, e, i, o, u. Tulianza na hesabu ya magunia, kwa sababu mchuuzi mmoja aliwahi kumwandikia 9 mahali pa 12, naye akatia dole.

Tatu, anahitajika mtu wa kumfungulia mlango. Mwalimu mkuu, Bibi Jane Obinchu, alimkubali mzee huyo, na katika sinema anateseka sana kwa ajili yake. Bila mwalimu huyo, Maruge angekufa langoni na mkongojo wake.

Nne, bandu bandu huisha gogo. Mwaka 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Machafuko ya uchaguzi yalipotokea Kenya, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, alipoteza mali yake, akaishi katika kambi ya wakimbizi, na bado alikwenda shule. Mwezi wa Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, Nairobi, akachagua jina la Stefano. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafariki. Darasa la saba hakulimaliza. Lakini nani atasema alipoteza wakati wake?

Mjomba hakutaka tusome barazani. Miezi ya kwanza tulisomea juu ya jiwe moja mwisho wa shamba, mahali pasipoonekana na mtu. Sasa tumehamia barazani, na wajukuu humsahihisha bila kucheka, niliwaonya mapema! Macho yalipomsumbua tulishuka Morogoro mjini akapimwa. Basi siku hizi Mjomba akisema miwani ameiacha nyumbani, anasema kweli.

Nawe msomaji, ambaye labda unalisoma gazeti hili kwa sauti ili wengine wasikie, watazame kidogo wanaokusikiliza. Yuko mmoja ambaye angependa kulishika mwenyewe. Usimwulize mbele ya watu. Mwendee faraghani, umpe kalamu, na akisoma “da” mahali pa “ba”, ngoja. Atarudia.