Pampu Mpya Uani

Sajini mstaafu mmoja wa Rumonge aliilisha nyumba yake kwa pikapu ya dizeli, akibeba mawese hadi Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Mwaka 2024 gari lilipopungukiwa na nguvu, alinunua pampu ya presha kubwa kuliko ya awali, akakusudia kuifunga mwenyewe uani.

Mkewe aliondoa jiko la makaa, akawaita watoto ndani. Busara hiyo mumewe hakuwa nayo: injini ilikuwa imezimwa punde tu, naye tayari ameshika spana. Presha ya mabomba hayo huweza kupita mara 1,000 ya ile ya hewa, na hubaki kwa muda injini ikiisha kuzimwa. Uzi mwembamba wa dizeli hutoboa ngozi, na kidole chenye tundu dogo kama la sindano huweza kuishia kukatwa hospitalini.

Fundi jirani alimzuia. Wakasubiri; kisha akafungua chujio na kukimimina kilichomo katika chupa. Nusu ilikuwa maji! Katika uhaba ule, dizeli ilinunuliwa kwa madumu. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, maji huikwangua. Ile kubwa nayo ingekufa, tena bila nozeli na kompyuta kulinganishwa nayo isingeongeza nguvu.

Tangi lilikaushwa, chujio jipya likafungwa, mawese yakasafiri. Pampu ingali kabatini, imeviringishwa kitenge. Bei yake mkewe hajaambiwa.