Sehemu ya 6: Kidonda cha Simba

Mlioniuliza mbona nimekaa kimya wiki nzima, leo nawajibu. Siumwi mimi, anaumwa mbwa wetu, Simba. Najua kuna mtu keshacheka. Cheka, ila soma mpaka mwisho.

Simba ni mbwa wa kienyeji, mweupe, tumboni manyoya machache na ngozi ya waridi. Kazi yake ni kulala chali uwanjani saa saba mchana, na jua la hapa Nyashimo mnalijua. Mwezi wa sita nikaona kidoa chekundu tumboni. Nikasema ni kupe huyo. Nikasafisha kwa maji ya chumvi. Kikakauka, kikapasuka, kikakauka tena. Mwezi wa nane bado kipo, kingo zimekuwa ngumu na kinavuja damu.

Sasa mimi ndiye ninayewaambia kliniki, hasa mama mwenye mtoto mwenye ualbino: mvalishe kofia pana na mikono mirefu, na kidonda cha ngozi kikipita wiki 4 hakijapona, usibahatishe dawa, mlete. Nyumbani kwangu zimepita wiki 8 nakiangalia tu. Sio kwamba sikujua. Niliogopa jibu. Nesi naye anaogopa, jamani.

Daktari wa mifugo alipokuja akakibonyeza, akapapasa matezi, akasema huenda ni saratani ya ngozi. Mbwa weupe wanaipata kwa jua kama sisi. Lakini kwa macho tu hawezi kuthibitisha, akakata kinyama kidogo kipelekwe maabara Mwanza. Leo ni siku ya 9 tunasubiri.

Baba watoto akaniambia, "Mama watoto, mbwa tu huyo. Na sare za shule je?" Nilikasirika, lakini hakukosea. Tukakaa, tukakubaliana kabla majibu hayajaja: kama kinakatika chote, tutajibana kikatwe. Kama kimesambaa, hatutamtesa. Tangu usiku ule nalala.

Kilichonishinda ni mwanangu wa miaka 7. Aliponiuliza kama Simba atakufa, nikamjibu haraka, "Aa, atapona tu." Akaniangalia, akasema, "Mbona ulikuwa unalia jikoni?" Yaani niliishiwa maneno. Kesho yake nikamwita, nikamwambia ukweli: "Sijui, mwanangu. Wanapima. Tukijua na wewe utajua." Alilia, halafu akauliza afanye nini. Nikampa kazi: jua likianza kuwa kali, amwite Simba kivulini chini ya mwembe. Anaifanya kuliko mlinzi wa benki.

Kwa walio na mbwa nyumbani, niwaambie haya:

Usimpe panado wala diklofenaki yako. Mimi mwenyewe nilishashika kidonge mkononi. Dawa hizo zinaweza kumuua mbwa. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Saratani ya ngozi ya mbwa haimwambukizi mtoto. Ila kidonda kibichi kina vijidudu, mtoto asikiguse, na akimshika mbwa anawe kwa sabuni. Na mbwa mpole akisikia maumivu anaweza kung'ata, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe.

La mwisho, mama yangu. Kama una kidonda mwenyewe, au uvimbe, au doa linalobadilika, na unalifunika na kanga kwa sababu unaogopa jibu, nakuelewa kabisa. Lakini kidonda hakikusubiri wewe upate ujasiri. Nenda kesho asubuhi na woga wako hivyo hivyo.

Majibu yakija nitawaambia, yawe mazuri au mabaya. Nimeshamuahidi mwanangu, na ninyi nawaahidi.

Usiku mwema.