Land Rover ya Mzee na tundu la kupumulia

Nimekuwa kimya kwa muda. Walioniuliza kama nimeacha kuandika programu, jibu ni hapana. Nilikuwa uani nikibandika sponji ndani ya gari. Kwa hivyo leo hakuna somo la programu. Tutaongea kuhusu joto, baridi, na kosa moja ambalo nusura liniondolee baba.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 ya zamani, dizeli, lita 2.5. Mzee alikuwa dereva miaka mingi. Alipostaafu alisema ana hamu moja tu: kuona tena jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana kabla magoti hayajakataa kabisa. Hoteli hataki. Basi tukang'oa viti vya nyuma, tukaweka mbao na godoro, tukaondoka Nairobi mwezi wa Julai.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na Timau, ubavuni mwa Mlima Kenya. Anayeijua Timau ya Julai hahitaji maelezo. Kihisi nilichokuwa nimefunga kilionyesha nyuzi 8 nje na nyuzi 9 ndani. Nyuzi moja tu ya faida! Mabati ya Defender ni alumini, na alumini hupitisha joto maelfu ya mara zaidi ya sponji. Ni sawa na kulala ndani ya sufuria.

Mzee akaona upuuzi huu wa kutetemeka uishe. Akachukua jiko tulilopikia ugali, makaa bado mekundu, akaliingiza ndani na kufunga mlango. Nilimwambia, "Baba, hilo si hatari?" Akanijibu kwamba amelala na jiko tangu utotoni na yuko hai. Mimi nami nilikuwa na baridi, nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo.

Niliamka kichwa kikinigonga kama nyundo. Nikamwita Baba, akaitikia kwa sauti ya mlevi. Nikapiga mlango teke, nikamvuta nje, tukakaa kwenye nyasi zenye umande huku yeye akitapika. Kulipopambazuka tulimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Alipona. Safari iliishia hapo.

Baadaye nilikaa chini kutafuta chanzo, kama ninavyofanya programu inapoanguka. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mzee alikuwa amekulia kwenye nyumba ya mbao yenye nyufa kila upande. Nyufa hizo alizozilaani kila usiku wa baridi ndizo zilizokuwa zikimtolea sumu. Bahati yake haikuwa ushahidi kwamba jiko ni salama.

Sasa tatizo likawa hili: nikihami gari lishike joto, nitakuwa nimeziba nyufa zilizobaki. Kwa hivyo kazi ya kwanza haikuwa sponji. Fundi alitoboa matundu mawili, moja chini karibu na mlango na jingine juu upande wa pili, yakiwa na wavu wa mbu na kofia ya kuzuia mvua. Hayana kifuniko, kwa makusudi. Kitu kinachoweza kufungwa, siku ya baridi kitafungwa.

Kisha ndipo tukahami. Penye bati tambarare tuliweka stairofomu ya milimita 25. Penye mikunjo tuliweka sponji ya milimita 10, ile ngumu isiyonyonya maji, kama ya patipati. Gundi ipakwe pote, si kwenye pembe tu. Ukiacha nafasi kati ya bati na sponji, mvuke wa pumzi zenu utapenya na kugeuka maji huko nyuma usikokuona. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 14 hivi, na bati la usiku huwa baridi kuliko hapo. Juu yake tukafunika plaiwudi nyembamba. Madirisha tulikatia vipande vya sponji hiyo hiyo vya kubandika usiku.

Umeme ni betri ya pili ya volti 12, Ah 100, yenye paneli ya sola juu. Kwenye karatasi hiyo ni Wh 1,200, lakini betri ya risasi na asidi ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua. Hesabu Wh 600: taa, simu, na kompyuta yangu saa chache. Hita ya umeme sahau. Na ukutani pana kengele ya kaboni monoksaidi. Hiyo sikubishana bei.

Mwezi uliopita tulirudi Timau, mahali pale pale. Alfajiri nje ilikuwa nyuzi 8, ndani 12. Ndiyo, nyuzi nne tu, matundu yakiwa wazi usiku kucha. Nilitarajia zaidi. Lakini kwa watu wawili na mablanketi mazito zilitosha, na plaiwudi ilikuwa kavu.

Siku zilizofuata tulipita Isiolo na Marsabit, hadi Chalbi. Mzee alisimama juu ya chumvi ile nyeupe akakaa kimya muda mrefu. Usiku ule, kabla ya kujilaza, alitoa mkono kwenye blanketi akaupeleka kwenye tundu la chini, akausubirisha hapo.

"Upepo unaingia," akasema. "Sasa zima taa."

Hufanya hivyo kila usiku. Nami simwambii kwamba nikiamka usiku, huwa naukagua ule wa juu.

Haya, safari njema, na jiko libaki nje.